Siku Niliyoandika "Hakuna"

Ipo asubuhi moja, mwanangu Mbeyu, iliyoniganda kichwani hivi kwamba mpaka leo nikifumba macho naisikia baridi yake mikononi. Najua utacheka. Baridi gani ya Diani? Lakini chumba kile kilikuwa na mtambo wa kupoza hewa, na mimi katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya chumba kilichopozwa. Mikono ilinitetemeka. Kwa miaka mingi nilijiambia ni ile baridi tu. Sasa nimezeeka, sina tena sababu ya kujidanganya. Ilikuwa hofu.

Nimekuona tangu Jumanne uliporudi kutoka Ukunda kwenye mahojiano yako ya unesi. Ulivua viatu, ukasema, "Watanipigia, shangazi," ukaingia ndani. Tangu hapo unakula nusu sahani, na simu haikutoki mkononi. Sikuulizi neno. Kama lipo la kuniambia, utaniambia siku utakayopenda. Leo nataka tu ukae hapa unisaidie kuchambua hizi kunde, nami nikusimulie mahojiano yangu, ambayo hata baba yako, ndugu yangu wa tumbo moja, hajayasikia yote.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilimaliza kidato cha nne mwaka wa ukame, ng'ombe aliotuachia baba wakaisha mmoja mmoja pale nyuma ya boma, na habari ya mimi kwenda chuo haikuzungumzwa tena nyumbani. Nikaajiriwa kufagia zahanati, huku huku kwetu Kinango, kwenye ile barabara ya vumbi iendayo Samburu.

Mtu wa maabara pale alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba aliyeletwa na serikali kutoka bara miaka mingi nyuma, kisha serikali ikamsahau. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na mazoea ya kupiga mluzi nyimbo za kanisani wakati anatazama damu. Alipiga mluzi kwa sauti ya chini, polepole, na akimwona mdudu wa malaria mluzi ulikatika. Yeye mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo. Lakini wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje walijua. Mluzi ukikatika, mama mwenye mtoto alianza kuifunga leso yake vizuri, maana amekwisha kupata jibu. Ah, mwanangu! Nikwambie kweli, zipo asubuhi ambazo ningetoa kila nilicho nacho niusikie mluzi ule tena, hata mara moja tu.

Siku moja alinikuta nimesimama na ufagio wangu, nasoma maandishi kwenye chupa za rangi. Akaniuliza, "Unaelewa?"

Nikasema, "Sielewi, mzee. Lakini ningependa."

Akasukuma kigoda kwa mguu wake. "Basi kaa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Hakukuwa na karatasi wala sherehe. Nikimaliza kufagia, naosha mikono, nakaa kwenye kigoda. Alinifundisha kuchoma kidole cha mtoto bila kumtisha, kutandaza tone la damu kwenye slaidi, kile kibamba chembamba cha kioo, kuikausha, kuitia rangi na kuisuuza. Kisha hadubini, ile mashine inayokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Ya pale haikuwa ya umeme, na umeme wenyewe haukuwapo. Chini yake ilikuwa na kijioo cha duara. Unakigeuza taratibu kuelekea dirishani mpaka kinaushika mwanga wa jua na kuurusha juu, kupita kwenye damu, hadi jichoni mwako. Siku za mawingu tulihangaika. Siku za upepo vumbi liliingia kila mahali, nawe unajua vumbi la huku lilivyo.

Sharti lake lilikuwa moja, na alilirudia mpaka nikaliota. "Usiandike 'hakuna' kabla hujatazama mahali mia moja." Yaani unaisogeza slaidi kidogo, unatazama, unaisogeza tena, unatazama, mara mia. Hapo ndipo una haki ya kuandika kwamba damu hii haina wadudu. Shingo iliniuma, macho yalitoka machozi. Lakini niliipenda kazi ile. Niliwahi kufika zahanati kabla ya jua kuchomoza, nikangoja mwanga wa kwanza uingie dirishani, kama mtu anayengoja mgeni wake.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kwenye daftari la serikali bado niliandikwa mfagizi.

Ndipo Mzee Mutiso aliporudi kutoka Kwale mjini na karatasi iliyokunjwa ndani ya kofia yake. Lilikuwa tangazo la kazi. Hospitali moja ya binafsi kule Diani, ambayo siku hizi haipo tena, ilikuwa inatafuta msaidizi wa maabara. Tangazo lilisema aliyesomea chuoni au aliyefunzwa kazini, wote wanakaribishwa. Shika hilo, mwanangu. Aliyefunzwa kazini anakaribishwa. Liliandikwa waziwazi, na mimi nililisoma kwa macho yangu.

"Nenda," Mzee Mutiso akaniambia. "Mimi hapa sina cha kukuajiri nacho. Na macho yako sasa ni mazuri kuliko yangu."

Nilipomweleza mama, yaani nyanya yako, tuliyebaki naye wawili nyumbani, hakuuliza habari za mshahara. Aliuliza, "Wafanyakazi wanapewa nyumba?"

"Wanapewa chumba, mama. Na mtu anaweza kukaa na mzazi wake."

"Na maji?"

"Mfereji uko ndani."

"Ndani ya ua?"

"Ndani ya nyumba, mama. Jikoni."

Wewe umezaliwa bomba limeshafika sokoni, huwezi kujua. Mama alikuwa akiamka na giza la alfajiri kwenda bwawani, na mwezi wa pili bwawa likikauka alikwenda mbali zaidi, akichimba mchangani kwa bakuli na kungoja maji yatoke kidogo kidogo. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Akasema, kama anayejisemea, "Jikoni." Tangu siku hiyo nikawa natamani vitu viwili kwa pamoja, kazi ile na kumwona mama amesimama mbele ya mfereji wake. Sijawahi kutamani kitu namna ile, kabla wala baadaye.

Nilipanda gari la kwanza. Nikashuka Ukunda, pale Kona ya Musa, na mapema yote ile pamekwisha kuchangamka, wauza nguo wanatandika, makondakta wanaita. Nikaangalia miguu yangu. Viatu vyangu vyeusi vilikuwa vimegeuka vyekundu kwa vumbi la Kinango. Nikavifuta kwa upindo wa leso, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, mwanangu, kwa sababu nilipovifuta viatu nilisikia aibu, na ile aibu haikuondoka pamoja na vumbi.

Pale hospitalini tulikuwa wawili tuliosalia kwenye benchi. Mwenzangu alikuwa msichana wa bara, jina lake Njeri, amevaa sketi ya kijivu na amebeba faili la plastiki lenye vyeti. Alikuwa mchangamfu, hana neno baya.

"Sista, na wewe ni wa lab?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Poa. Ulisomea wapi?"

Ningeweza kusema, nimefunzwa na Mzee Mutiso kwenye zahanati ya Kinango. Hakuna ambacho kingenipata. Lakini niliangalia lile faili lake, nikaangalia viatu vyangu, nikasema, "Mombasa."

"Aki afadhali! Mimi Nairobi. Basi sisi hii itakuwa rahisi tu."

Nikatabasamu. Neno moja lile, Mombasa, likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikaitwa ndani mimi kwanza. Walikuwa watatu mezani. Kulikuwa na daktari wa kike mwenye miwani, kijana mmoja wa ofisi ya ajira, na mzee wa kofia na koti jeupe, Mzee Salim, mkuu wa maabara. Nikawaamkia. Mzee Salim peke yake ndiye aliyeitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. Maswali ya mwanzo niliyajibu vizuri. Namna ya kumtoa damu mtoto mchanga, la kufanya sindano ikikuchoma kidole, hayo niliyajua. Yule daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika, nikaanza kuuona mfereji.

Kisha kijana wa ofisi ya ajira akauliza, akiwa anaandika, "Umeshawahi kutumia hadubini ya umeme?"

Njeri alikuwa nje kwenye benchi, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikasema, "Ndiyo. Mara nyingi."

Mzee Salim akanitazama. Hakusema kitu. Akainuka, akanipeleka chumba cha pili, kile chenye baridi. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mezani palikuwa na hadubini nyeupe, kubwa, ya macho mawili, na slaidi moja imekwisha kuwekwa tayari. Pembeni karatasi na kalamu.

"Tazama, kisha uandike ulichokiona," akasema. "Una robo saa. Mimi niko hapo mlangoni. Ukihitaji kitu, niite."

Nikakaa. Nikaweka macho. Giza.

Nikageuza hiki, nikageuza kile. Giza. Nikainama kutafuta kijioo cha kushikia mwanga, hakikuwapo. Nikatazama dirishani, mapazia mazito. Mashine nyeupe imetulia mbele yangu kama ng'ombe aliyekataa kunyanyuka. Nilijua kwamba iko swichi mahali fulani. Nilipapasa ubavu wa kulia, nilipapasa ubavu wa kushoto, na kadiri nilivyopapasa ndivyo vidole vilivyozidi kuwa vigumu. Na Mzee Salim alikuwa mlangoni. Hatua tano. Niliona bega lake. Nilifungua kinywa nimwite, kisha nikakumbuka, nimesema mara nyingi. Nikimwita nimuulize inawashiwa wapi, atajua kwamba nimesema uongo. Na kijana wa ofisi atajua, na Njeri wa benchini atajua kwamba hakuna Mombasa.

Basi nikafanya hesabu ya kipumbavu. Slaidi ya mtihani, nikajiambia, ama ina wadudu ama haina. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: *Hakuna wadudu wa malaria.*

Sikutazama mahali mia moja, mwanangu. Sikutazama hata mahali pamoja.

Mzee Salim alipoingia aliisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akaitazama hadubini. Akanyoosha mkono nyuma ya mashine, kule chini ambako nyaya zinaingia, akabonyeza. Mwanga ukawaka. Ninauona mpaka leo, mwanga mweupe uliotulia. Akakaa kwenye kiti, akarekebisha, akaondoka kitini.

"Njoo utazame sasa."

Nikatazama. Walikuwa kila mahali. Vipete vidogo vya zambarau, ndani ya kila chembe ya pili au ya tatu ya damu, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona Kinango. Damu ile ilikuwa inatisha.

"Hii si slaidi ya chuo," akasema. "Ni ya mtoto wa kike, ana miaka minne. Aliletwa juzi amezimia. Amelazwa hapo wodini sasa hivi. Kama slaidi hii ingefika kwako kwanza, na ukaandika hivi ulivyoandika, angerudishwa nyumbani."

Nikaondoa macho kwenye hadubini.

"Nilikuwa wapi?" akaniuliza.

"Mlangoni."

"Nilikwambia nini?"

"Nikihitaji kitu, nikuite."

"Kwa nini hukuniita?"

Machozi yakanitoka. Nikasema, "Niliona haya, babu."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza, ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Alisema taratibu, "Binti, hata mimi mashine hii ilipoletwa sikujua inawashiwa wapi. Swichi wameificha nyuma. Ungeniita, ningekuwashia, tungecheka, na ungetazama, na nina hakika ungewaona. Nimekuangalia namna ulivyoshika slaidi, umefundishwa na mtu anayejua. Sasa nani alikuomba useme uongo? Tangazo letu lilisema aliyefunzwa kazini aje. Mimi simwogopi asiyejua. Namwogopa anayeona haya kusema hajui, halafu anashika kalamu."

Akaikunja ile karatasi yangu mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. Akaniambia niende salama.

Nilipokuwa natoka, Njeri aliingia. Walipomaliza kumuuliza maswali nilikuwa bado kwenye benchi na kamba ya kiatu mkononi, nikamsikia kutoka kule ndani, kwa sauti yake ileile ya uchangamfu: "Samahani mzee, hii kitu inawashwa wapi?" Na Mzee Salim akacheka. Nikasikia hatua tano, nikasikia kitu kimebonyezwa. Ilikuwa rahisi hivyo.

Kazi alipewa Njeri, na alistahili.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu yaliyonitia hasara zaidi yalikuja baadaye. Nilirudi nyumbani, mama amekaa mlangoni ananingoja. "Wamesemaje?"

Nikasema, "Wataandika barua."

Na Mzee Mutiso kesho yake: "Wamesemaje?" Wataandika barua. Kila alipopita mtu kutoka Kwale mjini, Mzee Mutiso alitoka nje kumuuliza kama amebeba barua ya Umazi, yaani mimi. Mimi niko ndani na ufagio, nasikia. Sikukaa tena kwenye kigoda. Nilimwambia kichwa kinaniuma, nilimwambia nina kazi ya kuosha madirisha. Nilikuwa naogopa kuweka jicho kwenye hadubini. Nilidhani nikitazama nitaviona vile vipete vya zambarau.

Wiki sita zikapita. Jioni moja nikarudi nyumbani, nikaona mahali pa mitungi ya maji pako wazi. Tulikuwa na mitungi minne ya plastiki ya njano, mama aliitunza kama vyombo vya harusi.

"Mama, mitungi iko wapi?"

"Nimempa mke wa ami yako," akasema, akiwa anapepeta mahindi. "Yake imetoboka. Mimi sitaihitaji tena."

Nikakaa chini. Nikamwambia yote, tangu viatu, tangu Mombasa, mpaka kalamu. Mama hakuacha kupepeta. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuwa safi zamani, naye bado anapepeta. Hatimaye akaweka ungo chini, akasema, "Kesho nitakwenda kuiomba."

"Nitakwenda mimi, mama."

Nilikwenda. Ni nyumba ya tatu kutoka kwetu, lakini njia ile sijawahi kuiona ndefu namna ile. Nikamwambia mke wa ami, "Mama anaiomba mitungi yake, kazi nimeikosa." Akaniangalia, akainyanyua mitungi mitatu, akasema, "Mmoja niachieni, ninyi bado mko wawili tu." Siku ile ile nikaenda bwawani mimi, na siku iliyofuata, na kila siku kabla ya zahanati, kwa miaka. Mama alifariki kabla bomba halijafika huku kwetu. Hakuwahi kuwa na mfereji jikoni. Hilo, mwanangu, sina la kulifanya. Nikisikia maji yanachuruzika kwenye sinki la mtu, mpaka leo moyo unanivuta upande.

Baada ya kumwambia mama, ilinibidi nimwambie na Mzee Mutiso. Nilimkuta dirishani. Nikasema yote kwa mara moja, haraka, nikiangalia sakafu niliyoifagia mwenyewe. Nilidhani ataniambia nisikiguse tena kigoda chake. Alingoja mpaka nimalize. Kisha akauliza swali moja.

"Na yule mtoto, alipona?"

Nikasema, "Mtoto gani?"

Akageuka akanitazama. "Mwenye damu."

Mbeyu, wiki sita nilikuwa nimelia. Nimelia kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya mfereji, kwa ajili ya aibu yangu mbele ya watu watatu na msichana mmoja. Wodi ilikuwa upande wa pili wa ua. Ningeweza kuvuka nikauliza, mtoto wa kike wa miaka minne anaendeleaje? Ningeweza hata kumuuliza Mzee Salim pale pale. Haikunijia. Wiki sita haikunijia hata mara moja.

Mzee Mutiso hakunikemea. Aligeuza kijioo, akaushika mwanga, akasukuma kigoda kwa mguu. Nikakaa.

Niliandika barua kule Diani kuulizia hali ya mtoto. Haikujibiwa. Huenda haikufika, huenda hakuna aliyejua la kujibu. Mzee Mutiso naye akaandika zake, kwa wakubwa wa afya, barua juu ya barua, mpaka nikapatiwa nafasi ya mafunzo, nikarudi na cheti pale pale zahanati, nikakaa mpaka nilipostaafu. Yeye alirudi kwao Ukambani kabla sijamaliza mafunzo. Sikuwahi kumuaga. Nilikuta ameacha hadubini imefunikwa kwa kitambaa safi, na taarifa ya msiba wake nikaipata kwa binti yake, miezi mingi imepita. Mtu aliyenifundisha kuona, nami sikumwambia hata asante iliyokamilika. Niliiweka asante hiyo kwa ajili ya siku nitakayopata cheti, nimkabidhi mkononi.

Hilo lilinichoma, ndipo nikasema yule mwingine nisimkose. Nikauliza, nikaambiwa Mzee Salim amestaafu, yuko kwao Msambweni. Nikamfuata. Nilimkuta barazani, mzee sana, anakula mahamri kwa kuyavunja vipande vidogo. Nikamwamkia, nikajieleza. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa.

"Mwanangu," akasema, "wewe sikukumbuki. Nimewahoji wengi. Kama nilikukaripia, unisamehe."

"Ulinikaripia kwa haki, babu. Sikuja kwa hilo. Nimekuja kuuliza habari za yule mtoto wa kike. Alipona?"

Akaweka hamri chini. Akafumba macho, nami nikaona kweli anatafuta, anapita wodi moja baada ya nyingine mle ndani ya kichwa chake. Mjukuu wake alikuja na chai, akaiweka, akaondoka.

"Sikumbuki," akasema. "Wallahi ningependa kukwambia alipona. Neno jepesi, ungeondoka hapa na furaha. Lakini sijui, mwanangu. Siwezi kukwambia nisilolijua."

Nikalia, naye akaniacha nilie. Kisha akanimiminia chai.

Yule mtoto, kama yuko, sasa ni mama wa watu. Nikienda Ukunda sokoni nawaangalia wanawake wa rika lake, anayechagua nyanya, anayebembeleza mtoto mgongoni, nami najiuliza, si huyu? Au yule? Natamani nijue. Nimetamani miaka yote hii, na ninajua kwamba nitakufa nikitamani.

Basi, mwanangu, nikwambie ninachotaka uchukue. Ukiitwa tena mahali, popote, na ukaulizwa usilolijua, sema hulijui. Liseme mapema, lingali dogo, kabla hujalikalia. Mahali ulipofunzwa pataje kwa jina, na aliyekufunza mtaje kwa jina, na kama ana uhai, mshukuru wiki hii, usingoje cheti. Ukikosa kazi, njoo useme nyumbani umekosa. Sisi tutakasirika kidogo, tutahuzunika kidogo, kisha tutapika. Usituache tukatoa vyombo vyetu kwa kungoja barua ambayo wewe peke yako unajua haiji. Na hata siku ile unapoumia, unapoona dunia imekufungia mlango, kumbuka kwamba unesi ni kazi ya watu. Kabla hujatoka getini na machozi yako, muulize mgonjwa anaendeleaje, ungoje mpaka ujibiwe.

Usinijibu sasa. Mungu aliyekuumba na mikono hii myepesi akuongoze kwa watu watakaoihitaji. Akupe ulimi usioogopa kuuliza, na wakubwa wasiochoka kukujibu. Wagonjwa utakaowashika wapone, nawe uwe karibu uwaone wakivaa viatu vyao kurudi kwao. Na wazee wako tuliobaki, akuachie tuwepo tusikie habari zako, njema na zisizo njema, kutoka kinywani mwako wewe mwenyewe.